Acheni Kuniambia Habari za Mbao za Meli

Kila nikiitaja Little Moreton Hall, nyumba ya mbao ya karne ya 16 kule Cheshire, Uingereza, lazima atokee mtu wa kuniambia ilijengwa kwa manowari zilizovunjwa. Ushahidi wake ni uleule: boriti zimepinda, tena zina matundu matupu. Inaniudhi, maana sifa ya seremala inapokonywa hivihivi. Seremala Richard Dale aliacha jina lake juu ya madirisha ya uani, yenye mwaka 1559, akisema ameyatengeneza kwa neema ya Mungu. Bado mtu anaona meli.

Kupinda kwanza. Mwaloni ulichongwa mbichi, kwa sababu ukikauka unalishinda shoka. Kiunzi, yaani mifupa ya mbao ya nyumba, kilisimamishwa kikiwa na maji yake, kikakaukia palepale, kikajikunja. Kisha juu kabisa ukaongezwa ukumbi mrefu wenye paa la mabamba ya mawe. Vitabu humaliza hapo: uzito ndio ulioipinda nyumba. Uzito naukubali, lakini nikisimama mbele ya ukuta siwezi kutenganisha kazi ya uzito, ya kukauka na ya ardhi kutitia, na sijakutana na fundi aliyeweza. Mihimili mingine ilipinda tangu msituni na ilichaguliwa makusudi, kwani nyuzi za mti zikifuata umbo, mhimili haupasuki.

Sasa matundu, na hapa naomba subira. Kiunzi kiliunganishwa kwanza kikiwa kimelala chini, kila kiungo kikatiwa alama, mara nyingi namba za Kirumi, kikafumuliwa, kikasimamishwa upya kwa vigingi vya mwaloni. Tundu tupu lilikuwa na ulimi, yaani ncha ya mbao nyingine iliyochomekwa humo, nao umeondoka: ukuta wa ndani umevunjwa, dirisha limehamishwa, au boriti imetoka nyumba nyingine. Matundu ya ukuta huja kwa mstari, kwa nafasi zinazolingana, na tundu la kigingi ubavuni. Taruma la meli, yaani mbavu yake, lina mashimo ya duara ya vigingi vilivyoshikilia mbao za ubavu. Tazama kabla ya kusema.

Majengo ya mbao za meli yapo. Kinu cha Wickham, Hampshire, cha 1820, kina boriti za manowari Chesapeake. Duka la Liberty jijini London, la miaka ya 1920, lilitumia mbao za Impregnable na Hindustan. Kote huko meli inajulikana kwa jina. Anayedai ya Little Moreton anitajie yake.