Hôtel de la Marine ya Paris: Uso wa Jiwe na Kazi Zilizofanyika Nyuma Yake

Upande wa kaskazini wa uwanja wa Place de la Concorde, jijini Paris, yamesimama majumba mawili yanayofanana kwa nje, yakitenganishwa na barabara ya Rue Royale. Jumba la mashariki linaitwa Hôtel de la Marine. Tangu mwaka 1789 hadi 2015 lilikuwa makao makuu ya jeshi la majini la Ufaransa, na kwa zaidi ya karne moja makoloni ya nchi hiyo, yakiwemo ya Bahari ya Hindi, yalitawaliwa kutoka katika ofisi zake.

Mchoro wake ulitoka mikononi mwa Ange-Jacques Gabriel, msanifu majengo mkuu wa Mfalme Louis XV, ambaye pia alijenga Petit Trianon, jumba dogo la kifalme kule Versailles. Mpango wa uwanja uliidhinishwa mwaka 1755, ujenzi wa majumba ukaanza miaka michache baadaye, na ukakamilika kufikia mwaka 1774. Ni muhimu kufahamu kwamba kuta za mbele zilibuniwa kabla ya kuamuliwa nini kitawekwa nyuma yake. Kilichotakiwa kwanza kilikuwa mandhari ya kuipa hadhi sanamu ya mfalme akiwa juu ya farasi, iliyozinduliwa katikati ya uwanja mwaka 1763. Upande wa magharibi, viwanja vilivyokuwa nyuma ya ukuta huo viligawiwa watu binafsi, nao wakajenga nyumba zao humo huku wakilazimika kuuacha uso wa mbele kama ulivyochorwa.

Uso wenyewe unastahili kutazamwa kwa utulivu, kuanzia chini kwenda juu. Ghorofa ya chini ni safu ya matao mazito, yenye mawe yaliyochongwa kwa mifereji kati ya jiwe na jiwe ili msingi uonekane imara. Juu ya matao hayo zinasimama nguzo 12 za mtindo wa Korintho, yaani zenye vichwa vilivyochongwa mfano wa majani, ndefu kiasi cha kupita ghorofa mbili, na nyuma yake imeachwa baraza pana inayotazama uwanja. Kila mwisho wa safu hiyo kuna sehemu iliyojitokeza mbele kidogo, yenye nguzo nne zinazobeba kilele cha pembetatu kama cha mahekalu ya Wagiriki na Warumi. Gabriel alijifunza mengi kutokana na safu ya nguzo ya jumba la Louvre, iliyojengwa karne moja kabla yake, lakini pale Louvre nguzo zimepangwa mbilimbili, ilhali yeye aliziweka mojamoja. Kwa maoni yangu uamuzi huo mmoja ndio unaoufanya uso huu upumue: mwanga wa jua hupenya hadi ukuta wa nyuma, na kivuli cha kila nguzo huonekana peke yake. Wataalamu wengine huliona jengo hili kama kilele cha uklasiki wa Kifaransa, yaani mtindo unaofuata kanuni za usanifu wa Wagiriki na Warumi wa kale, wengine kama mwanzo wa uklasiki mpya, na hoja zote mbili zina msingi, kwa kuwa lilijengwa wakati ladha ilipokuwa ikibadilika.

Kazi ya kwanza ya jumba la mashariki ilikuwa kuhifadhi samani, silaha na vito vya taji. Katika miezi fulani ya mwaka, wananchi waliruhusiwa kuingia kila Jumanne ya kwanza ya mwezi kuangalia hazina hizo. Julai 1789 umati ulichukua silaha humo katika mkesha wa kuvamiwa kwa gereza la Bastille. Septemba 1792, kwa usiku kadhaa mfululizo, wezi walipanda ukuta wa mbele hadi kwenye baraza ya nguzo, wakaingia na kuiba vito vya taji, ikiwemo almasi kubwa ya buluu ambayo haikurudi tena.

Wizara ya Jeshi la Majini ilikuwa imeshahamia humo mwaka 1789, na pole pole ikalichukua jengo zima. Hapa ndipo historia ya jengo inapomgusa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu wizara hiyo ndiyo iliyosimamia kisiwa cha Bourbon, kinachoitwa leo Réunion, ambako mashamba yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Tayari mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Morice alikuwa ametia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka. Mapinduzi ya Ufaransa yalifuta utumwa mwaka 1794, lakini amri hiyo haikutekelezwa Bourbon, na mwaka 1802 Napoléon akaurudisha utumwa kisheria.

Tarehe 27 Aprili 1848, amri ya kuufuta kabisa ilitiwa saini ndani ya jengo hili. Aliyeipigania zaidi alikuwa Victor Schoelcher, naibu katika wizara hiyo iliyokuwa chini ya François Arago. Kule Réunion uhuru ulitangazwa tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, na watu zaidi ya 60,000 wakaachiwa huru. Ni haki kuongeza kwamba sheria ya mwaka 1849 iliwalipa fidia waliokuwa wamiliki, si waliokuwa watumwa. Anayeeleza uzuri wa nguzo hizi bila kuyataja maamuzi hayo ameeleza nusu tu ya jengo.

Baadaye lilipita mengi: jeshi la majini la Ujerumani lililikalia kati ya mwaka 1940 na 1944, na mpango wa kulikodisha kwa wawekezaji binafsi ulizua upinzani mkubwa hadi ukaachwa. Jeshi lilipohama mwaka 2015, jengo lilikabidhiwa taasisi ya serikali inayotunza majengo ya kihistoria ya taifa. Mafundi waliondoa tabaka nyingi za rangi na kufichua mapambo ya karne ya 18 katika vyumba vya msimamizi wa samani za kifalme, na tangu Juni 2021 wageni huingia humo na kutoka hadi kwenye baraza ya nguzo za Gabriel.