Je, wajua kwa nini video nyingi za mazingaombwe hukuachia siri tu, bila ufundi?

Mtu anatazama video ya dakika tatu, anaijua siri ya mchezo, kisha anashika karata na mkono unagoma. Siri ni sehemu ndogo sana ya mazingaombwe. Kinachoubeba mchezo ni mbinu ya mkono, na kila mbinu ina jina lake ambalo mafundi wamelitumia kwa miaka mingi. Ukitafuta kwa jina la mchezo, mara nyingi utaangukia matangazo, maana wauzaji huupa mchezo uleule jina jipya kila wanapoutoa tena. Ukitafuta kwa jina la mbinu, utafika kwenye ukurasa unaofundisha.

Chukua mchezo huu. Mtazamaji anaonyeshwa karata ya juu, ree ya kopa. Inawekwa mezani kifudifudi, na ikifunuliwa imekuwa karata nyingine. Mchezaji alifunua karata 2 kana kwamba ni 1: ree ilikuwa ya pili, na iliyowekwa mezani baada ya zote kurudishwa kifudifudi ni ile ya juu kabisa. Maandishi mengi ya fani hii yako kwa Kiingereza, na humo mbinu hiyo huitwa "double lift". Hilo ndilo neno la kuandika unapotafuta.

Sasa tazama maelezo mazuri yanavyokuwa. Pakiti imelala kwenye kiganja cha kushoto, kidole cha shahada kikiwa mbele kwenye ukingo mfupi, vidole vitatu upande wa kulia, gumba upande wa kushoto. Gumba linasukuma karata 2 za juu kidogo kuelekea kulia, kisha zinarudishwa mahali pake huku nyama ya ncha ya kidole kidogo ikibaki chini yake kwenye kona iliyo karibu na mwili. Upenyo huo mdogo huitwa "break", na kwa mbele usionekane kabisa. Mkono wa kulia unazibana zote mbili kwenye kona hiyo, gumba juu na kidole cha kati chini, na kuzipindua pamoja juu ya pakiti.

Maelezo mazuri hayaishii hapo. Yanakuambia pia panapoharibika. Karata zikiachana wakati wa kupinduliwa, kingo hazikulingana au umebana kwa ulegevu. Watazamaji wakishuku, huenda uliandaa upenyo huku wote wamekodolea mkono. Uandae mapema, wakati unaongea nao na macho yako yamehama kwenye karata. Kosa lililo baya zaidi ni kufunua karata 2 kwa namna moja na karata 1 kwa namna nyingine. Namna iwe ileile kila mara, hata pale usipoficha chochote.

Kwa hiyo, kabla ya kuamini kitabu au video, chagua mbinu moja na uulize: imesema kila kidole kiko wapi? Imesema ni upande gani mtazamaji asikae? Imesema kwa nini mwendo huo unafanywa sasa hivi, na mwishoni unabaki na nini cha kuficha? Isipojibu hayo, ni burudani tu.

Kwa karata, The Royal Road to Card Magic cha Jean Hugard na Frederick Braue kinamfaa anayeanza, kwa kuwa kinafundisha mbinu, tena kwa kuanza na namna ya kuchanga karata, kisha kinatoa michezo inayoitumia. Kwa sarafu kuna Modern Coin Magic cha J. B. Bobo, cha mwaka 1952. Anayetaka kuonja kamba, mipira na vitambaa pia, Mark Wilson's Complete Course in Magic cha 1975 kina michoro ya hatua kwa hatua. The Expert at the Card Table, kilichotoka Chicago mwaka 1902 kwa jina la S. W. Erdnase, husifiwa sana, na nchini Marekani hakimiliki yake imekwisha. Lakini lugha yake ni nzito na mbinu zake ni ngumu, kwa hiyo hakifai kuwa kitabu cha kwanza. Modern Magic cha Professor Hoffmann, cha 1876, ni hazina ya historia, ila kinategemea mifuko ya siri kwenye makoti marefu na meza zenye matundu yaliyofichwa.

Kuna mitego ya usomaji ambayo vitabu havikuonyi. Waandishi wa Marekani hudhani una sarafu ya nusu dola, yenye kipenyo cha milimita 30.6. "Classic palm" ni kuibana sarafu katikati ya kiganja, kati ya nyama ya chini ya gumba na nyama ya upande wa pili. Ukijaribu na sarafu ndogo itadondoka, na utadhani mkono wako ni mbovu. Tafuta sarafu kubwa, au ishike kwenye mikunjo ya vidole, ambako huitwa "finger palm". Vilevile, vitabu vingi humwandikia anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze maelekezo yote, na achague karata zenye namba kwenye kona zote 4. Za kona 2 zikitandazwa kwa upande wake, namba hufichika.

Ukishakuwa na jina la mbinu, nenda Conjuring Archive, hifadhidata ya mtandaoni ya Denis Behr. Haitoboi siri, inakutajia kitabu na ukurasa. Tovuti nyingine, Conjuring Credits, inaeleza nani alichapisha wazo gani kwanza, jambo muhimu kwa anayetaka kuonyesha kazi ya mwenzake bila kuidai.

Video ina kazi yake: kukuonyesha mwendo na kasi, vitu ambavyo karatasi haiwezi. Soma kwanza, fanya polepole, ndipo utazame. Kisha jirekodi mwenyewe. Kioo peke yake hakitoshi, maana wengi hupepesa macho pale hasa mbinu inapofanyika na hawajui kabisa. Weka kamera kwenye usawa wa macho ya mtazamaji aliyeketi, halafu uihamishe kushoto na kulia mpaka uone pembe ambayo siri inavuja.