Kutumwa si kufika: dhana potofu kuhusu arifa za barua pepe kwenye n8n

Wengi wanaoweka arifa za barua pepe kwenye programu zinazoendesha kazi zenyewe, iwe n8n, Zapier au Power Automate, hujitumia barua moja ya majaribio, wakaiona imeingia, wakafunga kompyuta. Hapa nitashika n8n, kwa kuwa ofisi inaweza kuisimika kwenye seva yake kwa matumizi ya ndani bila kulipia leseni, na ukishafanya hivyo mipangilio yote iko mikononi mwako. Ndani yake kazi hupangwa kama mtiririko wa hatua, na kila hatua huitwa nodi.

Dhana: Nodi ikiwa ya kijani, barua imefika.

Kijani kinaonyesha kwamba seva ya barua imeipokea barua yako. Katika SMTP, yaani kanuni ambazo seva hutumia kupeana barua pepe, seva hiyo hujibu kwa namba 250, yaani imeichukua na itajitahidi kuifikisha. Ikikataliwa mbele ya safari, taarifa ya kukataliwa hurudi kwenye anwani ya mtumaji. Ndiyo maana napinga kabisa desturi ya kutuma kutoka anwani ya "noreply" (usijibu) ambayo hata haipo: taarifa za kukataliwa hazina pa kurudi, na hakuna atakayejua.

Barua nyingine hufika, lakini kwenye folda ya barua taka (spam). Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila anayewatumia barua watu wa Gmail awe na angalau SPF au DKIM, na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku awe nazo zote mbili pamoja na DMARC. SPF ni rekodi kwenye DNS, yaani daftari la majina ya mtandao, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @). DKIM ni sahihi ya kidijitali juu ya barua yenyewe. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini vitu hivyo visipolingana na jina la mtumaji. Hata ukituma barua kumi tu kwa siku, ziweke zote tatu.

Dhana: Nodi moja ya barua hutoa barua moja.

Nodi za n8n kwa kawaida hufanya kazi mara moja kwa kila kipengele kinachoingia, mfano kila safu ya jedwali. Chukua SACCOS inayosoma jedwali la marejesho kila asubuhi na kutafuta waliochelewa. Wakipatikana 40, meneja anapata barua 40. Weka nodi ya Aggregate kabla ya nodi ya barua, nayo itakusanya safu zote ziwe kitu kimoja, kisha tengeneza orodha ndani ya barua moja. Usikimbilie kuwasha "Execute Once" (endesha mara moja tu) bila kukusanya kwanza, maana itachukua safu ya kwanza tu na wadaiwa 39 watabaki nje. Kumbuka pia kwamba akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha barua 500 kwa siku.

Dhana: Nimeandika saa mbili asubuhi, itatoka saa mbili asubuhi.

n8n uliyoisimika mwenyewe hufuata saa za New York mpaka uibadilishe. Barua ya saa mbili asubuhi itaingia Dar es Salaam au Nairobi saa tisa alasiri, na majira ya baridi ya Marekani yakianza, saa kumi. Weka Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi kwenye GENERIC_TIMEZONE, mpangilio wa saa za n8n nzima, au kwenye mipangilio ya mtiririko wenyewe.

Dhana: Kukiharibika kitu, nitapata barua.

Hii ndiyo inayoumiza ofisi kuliko zote. Arifa ya hitilafu haiji yenyewe: unatengeneza mtiririko mwingine unaoanza na nodi ya Error Trigger, kisha unauchagua kwenye mipangilio ya kila mtiririko unaotaka ulindwe. Ukiujaribu kwa kubonyeza kwa mkono, hautaitika, kwa sababu huamshwa na mitiririko iliyojiendesha yenyewe tu. Na ukiwa umeiambia nodi iendelee hata ikikosea, n8n itahesabu kazi imefaulu, na arifa haitatoka.

Halafu kuna suala la njia. Tuseme barua zako zinapitia Gmail kwa nenosiri la programu, zile herufi 16. Mhasibu akibadilisha nenosiri kuu la akaunti, Google hufuta manenosiri yote ya programu. Barua za kazi zinakwama, na barua ya kukueleza kwamba zimekwama inakwama pamoja nazo, kwa kuwa inatumia mlango uleule. Kwa hiyo arifa za hitilafu zipitishe kwingine; nodi ya Telegram inatosha kabisa.

Hata hivyo, seva ikizimika umeme ukikatika, hakuna hitilafu itakayoandikwa, kwa sababu hakuna kilichoendeshwa. Hapo anahitajika mlinzi aliye nje ya seva. Huduma kama Healthchecks.io husubiri ishara kutoka kwa mtiririko wako kwa muda mliokubaliana, na isipofika hukuarifu. Ongeza na hili: siku ambayo hakuna aliyechelewa, tuma barua isemayo "waliochelewa: 0". Meneja akizoea kuiona kila asubuhi, siku isipokuja atauliza.

Dhana: Tutume kwa wote, asipoona mmoja ataona mwingine.

Barua ya watu kumi na wawili haina mwenyewe. Kila mmoja hudhani mwenzake ameshashughulika, na baada ya wiki chache wanaanza kuzifuta bila kuzifungua. Tuma kwa anwani ya kazi, mfano mikopo@ ikifuatiwa na kikoa chenu, ili afisa akihama arifa zisihame naye, na awepo mtu mmoja aliyepewa zamu ya kuisoma. Kichwa cha barua nacho kibebe kazi yenyewe. "Arifa ya mfumo" hakimwambii mtu chochote. "Marejesho 3 hayajaingia, wapigiwe kabla ya saa sita" anakisoma kwenye simu akiwa bado kwenye daladala, na anajua akifika ofisini aanzie wapi.