Muwasho wa ngozi unaoletwa na figo: kama hulali kwa kujikuna, tuambie, usingoje tukuulize

Mgonjwa wa figo akifika kitengo cha kusafisha damu kwa mashine (dayalisisi) tunampima uzito, tunampima presha, tunaangalia kama miguu imevimba, tunamuuliza maji amekunywa kiasi gani tangu juzi, alafu anaunganishwa, mashine inawashwa, masaa manne yanakatika, huyo anaenda zake nyumbani. Mashine inawashwa na mgonjwa naye anawashwa, ila ya mashine ndo tunayoifatilia. Swali la "jana usiku ulilala?" linaweza kupita hata miezi halijaulizwa, na hapa nakiri kabisa kwamba sisi wenyewe watoa huduma tuna makosa.

Nakumbuka baba mmoja wa makamo, mtu mpole, kila akikaa kwenye kiti cha dayalisisi anasugua mgongo kwenye kile kiti taratibu utadhani anatafuta pozi zuri la kukaa. Siku nesi alipomuuliza vizuri ndo yakatoka yote: alishabadilisha sabuni mara tatu, alishafukiza chumba akijua ni kunguni, mke wake kahamia chumba cha watoto maana kitanda kinatikisika usiku kucha, na yeye kutwa anasinzia. Mwaka mzima huo. Tulipomuuliza mbona hujasema akajibu, "dokta mimi figo zimekufa, nije nilalamikie kujikuna?"

Sasa hilo jibu ndo limenifanya niandike haya, maana wanaofikiri kama yule baba ni wengi sana. Kuna utafiti mkubwa wa kimataifa wa wagonjwa wa dayalisisi unaitwa DOPPS, na ripoti yake ya 2006 iliyohusu wagonjwa zaidi ya 18,000 katika nchi 12 ilionyesha kama asilimia 42 wanasumbuliwa na muwasho wa kati mpaka mkali kabisa. Ripoti nyingine ya utafiti huohuo ikatoka 2017, hiyo ndo ilituumbua: kati ya wanaowashwa karibu muda wote, asilimia 17 hawakuwa wamemwambia mtoa huduma yeyote, na wakuu wa vituo asilimia 69 walidhani kwenye vituo vyao tatizo ni dogo kuliko lilivyo. Mgonjwa kanyamaza, daktari haulizi, kila mmoja anajua hakuna tatizo.

Muwasho wenyewe ukoje? Mara nyingi unakuja pande zote mbili za mwili kwa kufanana, yaani kama ni mkono basi yote miwili, mgongo ndo unaongoza, tumbo, kichwa, na kuna wanaowashwa zaidi mkono wenye fistula, yaani ule ambao mishipa yake ya damu imeunganishwa kwa ajili ya dayalisisi. Usiku unapamba moto. Joto linauchochea. Na kitu kinachowachanganya watu ni kwamba ukiangalia ngozi mwanzoni hamna upele wowote, ngozi iko kavu tu, vile vidonda na mabaka na vinundu vigumu unavyoviona baadaye vimeletwa na kucha. Ndo maana ndugu wanasema "mbona hauna kitu, acha tu kujikuna", kitu ambacho naomba mtu asimwambie mgonjwa tena, kwasababu angekuwa anaweza kuacha angeacha.

Chanzo sio kimoja. Figo zikishindwa kazi kuna taka zinabaki kwenye damu na nyingine mashine haizitoi vizuri, fosfeti (madini yanayotoka kwenye chakula) inapanda, tezi ndogo za paratairoidi zilizopo shingoni zinafanya kazi kupita kiasi, mwili unakaa kwenye hali ya uvimbe wa ndani kwa ndani usioisha, mishipa ya fahamu inayopeleka habari za muwasho inaharibika inaanza kupiga kelele bila sababu, na ngozi nayo inakauka kwa kuwa tezi za jasho na mafuta zinasinyaa. Alafu kuna hili la vipokezi. Mwili una vipokezi vya aina ya morfini, kuna vinavyoamsha muwasho na kuna vinavyoutuliza, kwa mgonjwa wa figo mizani inalalia upande wa vile vinavyoamsha. Histamini, ile inayoleta muwasho wa aleji, hapa sio mhusika mkuu, kwa hiyo vile vidonge vya aleji ambavyo kila mtu anavikimbilia (na sisi tumeviandika miaka na miaka, sikatai) kazi yake kubwa ni kumpa mtu usingizi tu. Anaamka kesho amelewa na muwasho uko palepale.

Na usidhani ni ya watu wa dayalisisi peke yao. Figo zilizoshuka lakini hazijafikia kwenye mashine nazo zinaleta muwasho, ila huko ndo unasahaulika zaidi maana mtu anaonekana kliniki mara moja kwa miezi kadhaa.

Tukija kwenye maisha yenyewe, hapa ndo nataka tukae kidogo. Mtu asiyelala leo, kesho, wiki, mwezi, anakuwa mtu mwingine. Anakuwa mkali kwa watoto, kazini anasahau vitu, hamu ya kula inapungua, hamu ya tendo la ndoa usiulize, anaanza kuona maisha hayana maana, na sonona kwa wagonjwa wanaowashwa sana ni ya kawaida kuliko kwa wasiowashwa. Kuna aibu pia. Mtu anajikuna kwenye daladala au kwenye ibada, wa pembeni yake anasogea akidhani ana ukurutu wa kuambukiza, basi anaacha kwenda kwenye watu, anavaa mikono mirefu kwenye joto, na joto linazidisha muwasho. Wengine masaa manne ya kukaa kwenye kiti huku mgongo unawaka na mkono mmoja umefungwa haruhusiwi kuutikisa yanakuwa mateso mpaka wanaomba watolewe mapema au wanaruka siku, taka zinabaki nyingi mwilini, muwasho unapanda. Ile ripoti ya 2006 ilikuta pia wanaowashwa sana wana vifo zaidi, na inaonekana sehemu kubwa ya uhusiano huo inapitia kwenye kukosa usingizi.

Kwa hiyo ufanye nini? Kwanza ipe namba. Sifuri ni hamna kabisa, kumi ni muwasho mbaya kuliko wowote unaoweza kuufikiria, alafu jiulize ndani ya masaa 24 yaliyopita ulipokuwa mbaya kabisa ulikuwa ngapi. Andika hata kwenye simu, kila siku, wiki mbili. Ukija ukaniambia "nawashwa washwa" ntaandika niendelee na presha, ukija ukaniambia "dokta wiki hii nzima niko nane, nalala masaa mawili" hapo hata mimi nakaa vizuri kwenye kiti.

Pili tunahakikisha ni muwasho wa figo kweli, maana mgonjwa wa figo hajakatazwa kupata upele wa kawaida, ugonjwa wa ini, shida ya tezi kubwa ya shingo (thairoidi), upungufu wa madini ya chuma, au aleji ya dawa au plasta. Kama nyumba nzima wanajikuna basi tunaanza na upele wa kuambukiza (skabi) kwanza.

Alafu ngozi. Watu wanaidharau hii hatua kwa vile ni rahisi, lakini wapo wanaopona nusu nzima hapo. Oga kwa maji ya uvuguvugu sio ya moto, usikae sana bafuni, sabuni isiwe kali wala ya manukato, jifute kwa kugusagusa na taulo, na ngozi ikiwa bado ina unyevu paka mafuta mazito yasiyo na harufu, mara mbili kwa siku bila kukosa. Kucha fupi. Nguo za pamba. Ukishikwa usiku weka kitambaa chenye maji baridi badala ya kukwangua.

Huku nyuma sisi tunaangalia kama dayalisisi inatosha, fosfeti, kalsiamu na homoni ya paratairoidi vikoje, na zile dawa za kushika fosfeti ya chakula isiingie kwenye damu unazimeza pamoja na chakula au unazimeza saa tano asubuhi tumbo likiwa tupu, maana hapo ni kama hujameza. Ikigoma kuna gabapentini au pregabalini, dawa za kutuliza mishipa ya fahamu, kwa dozi ndogo sana, mara nyingi tunampa mtu baada ya dayalisisi tu. Tafadhali usiazime ya jirani mwenye maumivu ya mgongo, hiyo dawa inatolewa na figo, yako haifanyi kazi, dozi yake ya siku moja inaweza kukulaza siku mbili umechanganyikiwa. Kuna mwanga maalum wa UVB, yaani ngozi inamulikwa kwa miale. Na kuna dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya vile vipokezi vinavyotuliza, nalfurafini ilianza Japani 2009, na difelikefalini ilipitishwa Marekani Agosti 2021, inachomwa mwisho wa dayalisisi. Kwenye utafiti wake mmoja mkubwa karibu nusu ya waliopewa walishuka pointi tatu au zaidi kwenye ile namba ya sifuri mpaka kumi, waliopewa dawa bandia walikuwa chini ya theluthi moja. Hazipatikani kila mahali. Wanaobahatika kupandikizwa figo ikakubali, wengi muwasho unaisha.

Kitu kimoja cha haraka: kidonda cha kujikuna kikianza kutoa usaha, au kikawa chekundu kina joto, au ukapata homa na kutetemeka, hasa kikiwa mkono wenye fistula au karibu na mrija wa dayalisisi wa shingoni, usingoje zamu yako ya dayalisisi, njoo sikuhiyohiyo hata kama ni usiku.