Kichaa cha mbwa: aliyeumwa asingoje dalili za mbwa

Kichaa cha mbwa ni nini?
Ni ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo wa mbwa na wa wanyama wengine wanaonyonyesha, binadamu akiwemo. Huenezwa kwa mate, hasa kwa kuumwa.

Virusi hufikaje kwenye ubongo?
Havisafiri kwa damu. Vikiingia jerahani huzaliana kwanza kwenye msuli, kisha hushika mishipa ya fahamu na kuifuata polepole hadi uti wa mgongo na ubongo. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, na huo ndio muda pekee tulio nao wa kumwokoa aliyeumwa. Vikifika, huzitumia seli za ubongo kujizalisha, na mawasiliano baina ya seli huvurugika. Mara nyingi seli zenyewe huonekana bado zimesimama, ila kazi yake imeharibika. Ndiyo maana mbwa mpole huanza kuuma ovyo, au taya lake hulegea na udenda ukamtiririka kwa kuwa hawezi kumeza.

Mbwa wetu anakula na kunywa maji. Si mzima huyo?
Hapana, hilo si thibitisho. Kutoka ubongoni virusi hushuka hadi kwenye tezi za mate, na mate huweza kuambukiza siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha dalili yoyote. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu mgonjwa, si ya mbwa. Tafadhali, acheni kipimo cha bakuli la maji.

Basi tumwangalie mbwa siku 10 kwanza?
Mfungeni na mumwangalie, lakini aliyeumwa asingoje. Osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mleteni kituoni siku hiyo hiyo aanze chanjo. Majivu, pilipili na mafuta ya taa havina kazi hapo.

Hata kama ni mkwaruzo mdogo?
Hata huo. Msingoje.

Dalili zikishaanza kwa mtu?
Hatuna dawa ya kumponya, na karibu wote hufa. Inatuuma kupokea mtoto katika hali hiyo wakati wazazi wanatueleza kwamba walikuwa wakimchunguza mbwa.

Mbwa akifa?
Msimzike kabla ya kumwita daktari wa mifugo, kwa sababu uthibitisho hupatikana katika ubongo wenyewe.

Na kama mbwa amechanjwa?
Chanjo yake hurudiwa kwa ratiba, na wengi huisahau. Aliyeumwa aletwe siku hiyo hiyo, na kadi ya mbwa ije naye.