Cat Stevens aliweka gitaa chini, wimbo ukabaki

Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, wanafunzi wangu wa gitaa huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, kama Yusuf Islam mwenyewe aliacha muziki, sisi tunaendelea kwa nini?" Yusuf Islam ndiye yule mwimbaji wa London aliyejulikana kwa jina la Cat Stevens kabla ya kusilimu. Siwajibu kwa fatwa, maana mimi si mwanachuoni. Mimi ni mpiga udi na gitaa, na dufu, ile ngoma ya mkononi, nimelishika tangu chuo cha Qur'ani nikiwa na miaka saba. Ninachoweza ni kuwasikilizisha. Nawawekea kazi yake ya 1970, kisha ya 1995, halafu tunaulizana ni nini hasa kilichoondoka.

Kwanza mkono wa kulia. Steven Demetre Georgiou, maana ndilo jina lake la kuzaliwa, mtoto wa Mgiriki wa Kupro na mama Mswidi, aliyekulia juu ya mgahawa wa wazazi wake katikati ya London, alikuwa akilipiga gitaa kama ngoma. Sikiliza albamu zake Tea for the Tillerman (1970) au Teaser and the Firecat (1971). Mkono unashuka kwa nguvu, kiganja kinazima nyuzi, kinapita kimya kifupi, ndipo sauti inaingia. Mpiga ngoma hana kazi kubwa pale. Pembeni yuko Alun Davies na gitaa la pili, akijaza mapengo anayoyaacha mwenzake. Katika "Rubylove" kuna buzuki, ala ya nyuzi ya Wagiriki, na beti za Kigiriki, na mapigo yanakwenda saba saba. Mwanafunzi aliyezoea nne hujikwaa hapo mara tatu, mara nne, kabla mguu haujakubali.

Pili ni maswali. Watu husimulia kusilimu kwake kama radi iliyopiga mchana kweupe. Mimi nasikia safari ndefu. Kifua kikuu kilimlaza hospitali mwaka 1969 akiwa kijana tayari mwenye jina, na aliporudi studio nyimbo zake zilikuwa zimeanza kuuliza: naenda wapi, nani ananijua? Catch Bull at Four (1972) imepata jina lake kwenye mafundisho ya Wabudha wa Zen. Numbers (1975) imejengwa juu ya elimu ya siri za namba. Na "Morning Has Broken" iliyompaisha ni utenzi wa kanisani. Maneno yake aliyaandika Eleanor Farjeon mwaka 1931. Mtu huyu alikuwa akibisha kila mlango.

Katikati ya miaka ya 1970, huko Malibu, California, mkondo wa bahari ulimvuta akaishiwa nguvu. Akamwahidi Mungu kwamba akiokoka atamtumikia, na wimbi likamsukuma hadi ufukweni. Baadaye ndugu yake David alimletea tafsiri ya Qur'ani kutoka Jerusalem. Aliisoma taratibu, akafika Surat Yusuf, kisa cha kijana aliyeuzwa sokoni. Fikiria mwimbaji ambaye sura yake inauzwa kwenye jalada la kila santuri akisoma aya hizo. Desemba 1977 alitoa shahada katika msikiti wa Regent's Park, London, na jina alilochagua likawa Yusuf.

Bado alikuwa na albamu moja ya kumalizia, Back to Earth ya 1978, na onyesho la UNICEF pale Wembley tarehe 22 Novemba 1979. Kisha magitaa yakauzwa kwa ajili ya sadaka. Mwenyewe ameeleza kwamba aliona khitilafu za ulamaa kuhusu ala za muziki, akachagua upande wa tahadhari.

Sasa njoo 1995, The Life of the Last Prophet. Sehemu kubwa ni masimulizi ya sira, yaani maisha ya Mtume, na ndani yake imo "Tala'al Badru", kaswida ile ile tuliyoimba sote chuoni tukiwa tumekaa mkekani. Mwanafunzi wa Pwani hahitaji maelezo. Mahali pa gitaa pameshikwa na dufu, na dufu halina kodi, zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Halikupi huzuni kwa kushuka nusu sauti, wala halikwambii mstari unaofuata unakwenda wapi. Linashika mwendo tu, na mzigo wote wa sauti unabaki kooni. Kwa mtu aliyejenga nyimbo zake juu ya mkono wa kulia, ni kama kumwambia fundi ajenge bila misumari. Nimsikilizapo humo namsikia mtu anayejizuia. Maneno yako mbele, yako wazi, lakini sauti inatembea kama iliyovuliwa viatu mlangoni. Wengine husema hapo alipoteza kipaji. Mimi naona alikuwa anajifunza upya, mbele za watu, akiwa na miaka zaidi ya arobaini, na hilo naliheshimu sana.

Kilichomgeuza tena kilitoka Bosnia iliyokuwa vitani. Irfan Ljubijankić, waziri wa mambo ya nje, alimpa kaseti ya wimbo aliouandika mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1995 waziri huyo aliuawa helikopta yake ilipotunguliwa. Yusuf aliona Waislamu walioshikamana na nyimbo zao wakati kila kitu kingine kinachomwa. Baadaye mwanawe Yusuf alirudisha gitaa nyumbani, na asubuhi moja, wengine wamelala, baba akalichukua. Vidole vilikumbuka.

An Other Cup ilitoka mwaka 2006, miaka 28 baada ya Back to Earth. Humo kuna "Heaven/Where True Love Goes", na hapa ndipo huwaambia wanafunzi wangu watege masikio, kwa sababu kipande chake kimetoka katika "Foreigner Suite" ya 1973. Sauti ileile aliyoitunga akiwa bado anatafuta imekaa mdomoni mwa mtu anayeamini amefika, na haikuhitaji kuvunjwa. Ila mkono umepoa. Mapengo yale aliyokuwa akiyaacha kwa kuzima nyuzi sasa anayaacha kwa pumzi, kama mwimba kaswida. Naamini dufu ndilo lililomfundisha hivyo.

Kuhusu gitaa lenyewe, ameandika kwamba lilifika Ulaya kupitia Waislamu wa Andalusia. Kwa mpiga udi jambo hili si geni. Watoto wa udi wametapakaa dunia nzima, na wazee wetu wa taarabu waliswali Magharibi kisha wakakaza nyuzi.

"Father and Son" ya 1970 aliiimba peke yake kwa sauti mbili, baba chini, mwana oktavu nzima juu. Aliirekodi tena, ikatoka mwaka 2020 akiwa na miaka 72. Sehemu ya baba aliimba yeye. Sehemu ya mwana ilichukuliwa kwenye onyesho la 1970 katika klabu ya Troubadour, Los Angeles, akiwa na miaka 22. Nilipowawekea darasani, kijana aliyeuliza swali mwaka huu aliomba nirudishe pale mwana anapoingia. Nikarudisha, akaomba tena.