Nani Huandika Kumbukumbu za Kikao?

Mgeni aliingia katika ofisi ya mkandarasi mmoja huko Shimanzi, Mombasa, akampita mhandisi wa mradi, akampa mkono kijana aliyeshika ramani. "Injinia, habari ya kazi?" Kijana alikuwa mwanafunzi wa mafunzo, wiki yake ya tatu. Mhandisi mwenyewe, mtandio kaubana chini ya helmeti, akaambiwa: "Mamangu, tufanyie chai basi." Akaenda kuileta. Aliponisimulia kwenye dawati letu la ushauri wa wafanyakazi, chai hakuitaja sana. Kilichomkaa moyoni ni kuwa meneja wake alikuwapo, na akanyamaza.

Wanawake wengi hufika kwetu wakijilaumu: pengine sauti yangu ndogo, pengine mimi ni mgeni wa kazi. Huwauliza kwanza nani huandika kumbukumbu za kikao ofisini kwao. Karibu kila mara ni wao, hata pale penye karani. Macho ya mwandishi huwa karatasini wenzake wanapoamua. Mwezi unaofuata kumbukumbu zikisomwa, wazo alilolitoa yeye lina jina la mwenzake, na mwandiko ni wake mwenyewe. Hilo linauma, tena linaathiri kupandishwa cheo.

Sheria haiwezi kumlazimisha mtu akuite Injinia. Lakini kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa jinsia yake katika kuajiri, mafunzo, kupandisha vyeo na masharti ya kazi, na kinataka kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Jambo ambalo wengi hawalijui: shauri likifika mahakamani, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kuwa ubaguzi haukutokea. Na penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima kuwe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Iulizie. Una haki ya kuiona.

Basi anza na mkataba wako. Sheria inataka mkataba huo ueleze kazi uliyoajiriwa kuifanya. Kama chai na kumbukumbu hazimo, una pa kusimamia. Weka daftari nyumbani: tarehe, waliokuwapo, maneno yalivyosemwa, bila kuyatia chumvi. Baada ya kikao tuma barua pepe fupi: "Kama nilivyopendekeza leo kuhusu mifereji, nitaleta michoro Alhamisi." Haina ugomvi ndani yake, na ina tarehe.

Mambo yakishindikana ndani, nenda ofisi ya kazi ya kaunti, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi hapa Mombasa pia. Usikawie mno, kwani madai ya ajira kwa kawaida lazima yafunguliwe ndani ya miaka 3.

Nanyi wanaume mliomo vikaoni, nawaomba kwa dhati: mwenzenu akipitwa, semeni hapo hapo. "Injinia ni huyu." Maneno matatu yangetosha siku ile ya Shimanzi.

Mhandisi yule alimwandikia meneja wake, akaomba kumbukumbu ziandikwe kwa zamu. Zamu ya kwanza ikamwangukia meneja mwenyewe. Alijaza nusu ukurasa, akainua kichwa, akaomba wenzake wazungumze polepole.